Siku ya Rola Kosta ya Mbao: Mwongozo wa Kutembelea Bustani Ndogo ya Burudani

Bustani ndogo ya burudani haiwezi kushindana na zile kubwa kwa wingi wa michezo. Haina treni kumi za chuma zinazopindua watu kichwa chini miguu juu, wala hoteli yake yenyewe. Lakini baadhi ya bustani hizi zina kitu kimoja ambacho watu hukifuata kutoka mbali sana: rola kosta ya mbao, yaani treni ya burudani inayopanda na kuporomoka vilima juu ya reli ya mbao, aghalabu ya zamani, iliyojengwa na maseremala na kutunzwa na maseremala mpaka leo. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa ajili ya hiyo hasa, awe amewahi kupanda au hajawahi.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Rola kosta ya mbao haijulikani kwa kuipanda mara moja. Ya asubuhi siyo ya usiku, kiti cha mbele siyo cha nyuma, na treni iliyojaa haikimbii sawasawa na iliyo nusu tupu. Hapo ndipo bustani ndogo inapokuwa na faida, kwani foleni zake ni fupi na unaweza kupanda tena na tena siku hiyohiyo. Hatua zote zinazofuata zimepangwa ili upate nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua rola kosta kwanza, bustani baadaye

Wengi huanza kwa kuulizia kimo na kasi. Kwa rola kosta za mbao, namba hizo hupotosha. Phoenix, iliyoko katika bustani ya Knoebels huko Elysburg, Pennsylvania, Marekani, ina kimo cha mita 24 hivi na kasi ya takriban kilomita 72 kwa saa. Zipo nyingi zinazoizidi kwa mbali, na bado wapenzi wa michezo hii huitaja miongoni mwa zilizo bora duniani. Siri yake ni vilima vya mwishoni. Ni vidogo, vimefuatana, na kila unapovuka kilele kimoja mwili unanyanyuka kitini na kuelea kidogo kabla ya kurudi chini. Kuelea huko ndiko kunakotafutwa. Ukisoma maelezo ya rola kosta yoyote ya mbao, tafuta habari za vilima na kuelea kuliko habari za kimo.

Phoenix ina historia inayostahili safari peke yake. Ilijengwa miaka ya 1940 mjini San Antonio, Texas, ikiitwa Rocket. Bustani iliyokuwa nayo, Playland Park, ilifungwa mwaka 1980, na rola kosta ikabaki imesimama bila abiria. Familia ya Knoebel ikainunua, mbao zikafunguliwa na kutiwa alama, zikasafirishwa zaidi ya kilomita 2,000, na mwaka 1985 ikaanza tena kubeba watu. Kitu kilichokuwa kinangoja kubomolewa kinapandwa mpaka leo. Ukiwa kwenye foleni yake, tazama nguzo zile ukikumbuka safari hiyo.

Ukipenda za zamani zaidi, kuna kundi dogo la rola kosta zinazoendeshwa na mtu wa breki anayesafiri ndani ya treni yenyewe. Luna Park ya Melbourne, Australia, inayo ya mwaka 1912, ambayo inazunguka ukingo wa bustani nzima. Tivoli ya Copenhagen, Denmark, inayo Rutschebanen ya mwaka 1914. Linnanmäki ya Helsinki, Finland, inayo Vuoristorata ya mwaka 1951, na bustani hiyo inamilikiwa na taasisi inayopeleka faida yake kwenye ustawi wa watoto. Treni hizi haziruki juu ya vilima kama Phoenix. Utamu wake ni kumwona mtu akiamua kwa mkono wake, kila kona, treni ipite kwa kasi gani.

Usidhani kwamba lazima iwe kongwe. Lake Compounce, huko Bristol, Connecticut, ilifunguliwa mwaka 1846 na ina rola kosta ya mbao ya mwaka 1927 iitwayo Wildcat, lakini wageni wengi huifuata Boulder Dash ya mwaka 2000, iliyojengwa ubavuni mwa mlima katikati ya miti. Waldameer, mjini Erie, Pennsylvania, inayo Ravine Flyer II ya mwaka 2008, ambayo inavuka barabara ya magari kwa daraja na kurudi. Zote mbili zinatumia ardhi ilivyo, mteremko na bonde, na hilo ni jambo ambalo bustani ndogo hulifanya vizuri kwa sababu haina fedha ya kusawazisha kila kitu.

Hatua ya 2: Hakikisha inafanya kazi siku unayokwenda

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayookoa safari. Bustani inaweza kuwa wazi huku rola kosta yake imefungwa, kwa siku moja au kwa miaka. Leap-The-Dips ya Lakemont Park, huko Altoona, Pennsylvania, ilijengwa mwaka 1902 na ndiyo rola kosta kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Ilisimama bila kufanya kazi tangu mwaka 1985 mpaka ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1999.

Kwa hiyo tazama tovuti ya bustani usiku wa kuamkia safari, kisha piga simu asubuhi. Usiulize kama bustani iko wazi. Uliza kama rola kosta hiyo, kwa jina lake, inapandwa leo na kuanzia saa ngapi. Bustani ndogo mara nyingi hufungua lango na michezo kwa saa tofauti. Katika nchi za baridi nyingi hufungwa msimu wote wa baridi, na mwanzoni na mwishoni mwa msimu hufunguliwa wikendi tu.

Ulizia pia masharti ya kimo kama unakwenda na watoto. Kwa rola kosta nyingi za mbao za Marekani kiwango ni kati ya inchi 42 na 48, yaani sentimita 107 mpaka 122. Mpime mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu vyake vya kawaida. Akipungukiwa, mwambie kabla ya safari. Kukataliwa mbele ya kipimo baada ya kusimama foleni humuumiza mtoto, na mhudumu hana ruhusa ya kulegeza, hata kwa nusu sentimita.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Siku ya katikati ya wiki, shule zikiwa zimefungua, ndiyo yenye watu wachache. Lakini siku tupu kabisa nayo ina hasara yake. Bustani huendesha treni moja badala ya mbili, na treni yenyewe huondoka ikiwa na watu wachache. Treni nzito hupoteza kiasi kidogo zaidi cha nguvu zake kwa msuguano na upepo ikilinganishwa na nyepesi, kwa hiyo hufika vilima vya mwisho ikiwa na kasi zaidi. Mimi hupendelea siku yenye watu wa kutosha kujaza treni, foleni ikiwa ya treni mbili au tatu. Ijumaa jioni mara nyingi huwa hivyo.

Kama una siku moja tu, usiende asubuhi ukaondoka mchana. Fika saa ya kufungua, au fika alasiri, lakini kaa mpaka wafunge. Sababu nitaifikia.

Kuhusu hali ya hewa: mvua nyepesi si mkosi. Baadhi ya bustani huendelea kuendesha, na reli yenye unyevu huwa na msuguano mdogo, treni ikakimbia zaidi ya kawaida. Nyingine hufunga mara tone la kwanza linapodondoka kwa sababu breki zao hupunguza kushika zikilowa. Radi hufunga kila mahali. Siku ya mawingu, mvua za hapa na pale zikitabiriwa, huwafukuza watu wengi. Mwenye subira na koti jepesi hufaidi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya malipo kabla ya dirisha la tiketi

Kuna taratibu tatu. Ya kwanza, kuingia ni bure na unalipia kila mchezo. Knoebels na Linnanmäki huingiwa bila kiingilio. Ya pili, kiingilio kimoja kinajumuisha kila kitu. Ya tatu, unalipa kiingilio, halafu unalipa tena michezo; Tivoli iko hivyo. Katika taratibu ya kwanza na ya tatu huwa kuna kishika mkono cha siku nzima, yaani utepe unaovaliwa mkononi kama tiketi, kwa anayetaka kupanda bila kuhesabu.

Gawanya bei ya kishika mkono kwa bei ya kupanda rola kosta mara moja. Ukipata saba, maana yake kuanzia safari ya nane unapanda bure. Mtu anayefuata mwongozo huu atafika nane bila shida, ila mzee anayekuja kutazama wajukuu hatafika, kwa hiyo msinunue aina moja kwa familia nzima. Soma pia masharti ya kishika mkono chenyewe, maana vingine havijumuishi mchezo mmoja au miwili, na ingekuwa hasara kama mmojawapo ndio uliokuleta. Uwe na fedha taslimu kidogo. Vibanda vya bustani ndogo havikubali kadi kila mara.

Hatua ya 5: Andaa mwili na mifuko

Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kunywa maji. Tumbo tupu kabisa huleta kichefuchefu kama tumbo lililoshiba. Vaa viatu vinavyofungwa. Nywele ndefu zifunge. Mkufu, hereni ndefu na kofia viache kwenye kabati la kukodi au kwa mwenzako anayebaki chini. Miwani ifungwe kamba nyuma ya kichwa, au uivue kama unaona vya kutosha bila hiyo. Simu iingie mfuko wenye zipu. Usiitoe njiani hata kama hakuna anayekuona: kitu kizito kikikuponyoka kwenye kilele kinamwendea aliyekaa nyuma yako kwa kasi ya treni.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye matatizo ya shingo au mgongo, na aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni wasipande. Mbao hutikisa kuliko chuma, na mtikisiko huo hushuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Hatua ya 6: Itazame kutoka chini kwanza

Usikimbilie foleni. Zunguka rola kosta kwa kadiri njia za wageni zinavyoruhusu, ukitazama treni kadhaa zikipita. Nusu saa hii itabadilisha kila safari utakayopanda baadaye.

Anza na reli. Inaitwa ya mbao kwa sababu reli yenyewe ni mbao: tabaka kadhaa zimelazwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa misumari na bolti, kisha juu yake kukawekwa utepe wa chuma ambao ndio magurudumu yanaukanyaga. Kuna rola kosta zenye nguzo za chuma na reli ya mbao, nazo bado ni za mbao. Na kuna zenye nguzo za mbao na reli ya chuma, ambazo zinapandika tofauti kabisa.

Tafuta sehemu ambazo mbao zake zina rangi mpya kuliko jirani zake. Hapo maseremala wamebadilisha tabaka zilizochoka. Kazi hiyo hufanywa kila msimu wa kufunga, kipande hiki mwaka huu, kipande kile mwaka ujao, mpaka rola kosta ya miaka tisini ikawa na mbao chache sana za siku yake ya kwanza. Sehemu mpya treni itapita laini. Sehemu kuukuu itatetemeka. Ukizijua mapema, mwili hautashtuka.

Treni ikipita, tazama nguzo. Zinayumba. Mgeni huogopa akiona hivyo, lakini ndivyo zinavyotakiwa kuwa, kwani mbao hupokea msukumo kwa kujipinda kidogo na kurudi. Jengo ambalo halijipindi kabisa lingevunjika kwenye viungio. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mafundi huikagua reli wakitafuta bolti iliyolegea na ubao uliopasuka, kisha treni tupu hutumwa kwa majaribio. Ukiwahi kufika utaisikia ikipita bila watu.

Sikiliza pia mlima wa kwanza. Ile sauti ya ka-ka-ka treni inapopandishwa na mnyororo ni ya meno ya chuma yaliyo katikati ya njia, ambayo kitasa kilicho chini ya treni huyapita moja moja. Mnyororo ukikatika, kitasa kinashika jino lililo karibu na treni haiwezi kurudi nyuma. Baada ya kilele hakuna injini tena. Kimo cha mlima huo ndicho mafuta yote ya safari.

Mwisho, kama unaweza kuiona treni kituoni kwa karibu, tafuta magurudumu. Kuna ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoiongoza, na ya chini yanayoshika reli kwa upande wa chini. Hayo ya chini, ambayo Mmarekani John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919, ndiyo yaliyoruhusu vilima vikali vya miaka ya 1920, kwa sababu treni ikitaka kuruka yanaizuia. Leap-The-Dips ilijengwa kabla yake, ndiyo maana ina kimo cha mita 12 na ushee tu na miteremko ya upole. Treni za Melbourne, Copenhagen na Helsinki nazo hazina magurudumu ya chini. Sasa unajua mtu wa breki anafanya nini pale: anaizuia treni isifike kasi ya kuinyanyua kwenye reli.

Usivuke uzio hata kidogo, hata kuokota kofia. Mwambie mhudumu. Treni huja bila honi.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza, kaa katikati

Katikati ya treni ni mahali pa upole, na safari ya kwanza ni ya kujifunza njia. Angalia behewa lina mabenchi mangapi. Kama ni matatu, benchi la katikati haliko juu ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na litakutikisa kidogo kuliko lile la mbele yake na la nyuma yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyeshuka akilalamika kwamba rola kosta fulani inaumiza mgongo, mara nyingi alikaa juu ya gurudumu na hakuambiwa.

Rola kosta nyingi za zamani zina chuma kimoja cha kuwazuia mapajani watu wawili. Kitasimama kwa aliye na mapaja manene, na mwembamba atabaki na nafasi. Mwembamba atanyanyuka zaidi, kwa hiyo aambiwe ashike. Kwenye kona mtasukumwa upande wa nje. Mwenye mwili mkubwa akae upande huo, asije akamlalia mwenzake. Kona kubwa ya kwanza uliiona ulipokuwa chini, kwa hiyo unajua inapindia wapi.

Namna ya kukaa: mgongo umenyooka, mabega yamelegea, miguu imekanyaga sakafu, mikono juu ya chuma bila kukikaba. Kichwa usikiegemeze nyuma, kwa sababu mtetemo utapigapiga. Macho yatazame reli iliyo mbele. Anayefumba macho hutapika kwa urahisi zaidi kwa kuwa mwili haujui kinachokuja. Kwenye mteremko toa pumzi, hata kwa kupiga kelele. Anayezuia pumzi hukaza tumbo na kuumia.

Mwenye hofu aambiwe ukweli: safari nzima huchukua dakika mbili hivi, na karibu robo yake ni kupanda mlima wa kwanza polepole. Asilazimishwe. Mtu aliyelazimishwa mara moja hawezi kupanda tena miaka mingi, na aliyeachwa atazame mpaka atake mwenyewe huwa ndiye wa mwisho kutoka bustanini.

Hatua ya 8: Sasa nenda nyuma, halafu mbele

Safari ya pili kaa benchi la mwisho kabisa. Fikiria mnyororo unaoteleza kutoka mezani: vipande vya mwanzo vinashuka polepole, na vya mwisho vinanyakuliwa ukingoni. Treni ni hivyohivyo. Kiti cha mbele kinavuka kilele treni ikiwa bado inajikongoja. Kiti cha nyuma kinafika kilele kileile wakati nusu ya treni imeshaanza kuporomoka, kwa hiyo unavutwa juu ya ukingo na kunyanyuliwa kitini kwa nguvu. Kwenye mlima wa kwanza, hakuna kiti kinachoshinda cha nyuma. Lakini cha mwisho huwa pia juu ya ekseli, na kitakutikisa. Ukikiona kigumu, rudi mbele benchi moja. Utapata karibu mvuto wote na nusu ya mtikisiko.

Safari ya tatu kaa mbele. Hapa kuna foleni yake, na katika bustani ndogo kuingojea ni treni mbili au tatu tu. Ngojea. Hakuna mgongo wa mtu mbele yako, reli inapotea chini ya miguu, na upepo wote ni wako. Kwenye vilima vidogo vya mwishoni, kiti cha mbele mara nyingi huelea kuliko cha nyuma, kwa sababu kinaanza kushuka kikiwa na treni nzima nyuma yake inayomalizia kupanda. Ndiyo maana swali la kiti kipi ni bora halina jibu moja. Uliza kiti kipi ni bora kwa kilima kipi.

Mhudumu wa kituoni anayajua haya yote kuliko mimi. Amepanda rola kosta hii moja katika kila kiti na kila hali ya hewa. Foleni ikiwa fupi, muulize anapenda kiti gani. Wengi hufurahi kuulizwa, na jibu lao hufaa kuliko lolote utakalosoma kabla ya kufika. Akikuambia kaa mahali fulani kwa sababu ya uzito wa treni, kaa bila kubishana.

Hatua ya 9: Pumzika mchana

Baada ya safari tatu au nne ondoka kabisa. Kunywa maji, kaa kivulini, kula. Mchana ndio wakati wa foleni ndefu na jua kali, kwa hiyo hupotezi kitu. Bustani ndogo nyingi zina farasi wa kuzunguka wa zamani wanaostahili macho yako. Mchezo huo wa Knoebels ni wa mwaka 1913, na aliyekaa safu ya nje anaweza kunyoosha mkono na kuchomoa pete kutoka kwenye mkono wa chuma kila anapopita, na atakayebahatika kupata pete ya shaba iliyotengwa kwa ushindi hupanda tena bure. Mchezo huo wa pete umebaki mahali pachache sana.

Wakati huu pia ni mzuri kwa picha, ukiwa nje ya uzio. Simama karibu na mteremko wa kwanza na ungoje treni ifike theluthi ya chini; hapo mikono ya watu iko juu na nyuso zinaonekana.

Hatua ya 10: Rudi jioni, kaa mpaka wafunge

Hii ndiyo sababu niliyosema nitaifikia. Treni inapozunguka tangu asubuhi, grisi ya magurudumu hupata joto na kulainika, na kila saa inayopita treni inakimbia zaidi kidogo. Kufikia jioni rola kosta ile uliyoipanda saa tano asubuhi imekuwa nyingine. Kilima kilichokunyanyua kidogo sasa kinakuacha hewani. Watoto wadogo wamerudishwa nyumbani, treni zimejaa watu wazima na vijana waliokuja kwa hiyo tu, na kila anayeshuka anakimbilia foleni tena.

Giza linaongeza la kwake. Bustani nyingi haziwashi taa juu ya reli, hivyo baada ya kilele hujui mteremko unaanzia wapi wala kona inapindia wapi, hata kama mchana uliikariri. Rola kosta iliyojengwa mitini, kama Boulder Dash, hugeuka kabisa usiku. Hapa ondoa kanuni ya kutazama reli, haionekani. Legeza mwili, ushike chuma, uache treni ikupeleke.

Panda kiti ulichokipenda zaidi mchana, kisha kile ulichokidharau. Mara nyingi cha pili hukushangaza, kwa sababu kasi imebadilika na kilima chake kimepata uhai. Uliza mapema foleni hufungwa saa ngapi: bustani nyingine hupandisha wote waliokwisha kusimama foleni saa ya kufunga inapofika, nyingine hufunga foleni dakika kumi au kumi na tano kabla. Kama ni ya aina ya kwanza, ingia foleni dakika moja kabla ya saa na uchague treni ya mwisho ya usiku.

Ukishuka kwa mara ya mwisho, kaa chini robo saa kabla ya kuendesha gari, kwani sikio la ndani huchelewa kutulia. Ukikutana na fundi au mhudumu mwenye nafasi, muulize ni sehemu gani ya reli itabadilishwa msimu wa kufunga. Akikutajia kona iliyokutikisa, msimu ujao itakuwa laini. Akikutajia kilima ulichokipenda, jua kwamba mbao mpya zitaubadilisha mwendo wake, na kiti chako cha mwaka huu huenda kisiwe cha mwakani.